Racheti ya Baba Mdogo

Mkanda ulikuwa wa baba mdogo. Alikuwa utingo wa lori la mizigo, na lori likiingia gereji vifaa vyake vinalala kwetu Luchelele. Mkanda wa kufungia mizigo, rangi ya chungwa, upana sentimita 5, na racheti, kile chuma cha kuukazia, nzito kama nyundo. Sikumwomba. Hilo niliseme mapema.

Slaklaini nilikuwa nimeiona kwenye simu ya mwanachuo mmoja: kijana pekupeku anatembea juu ya mkanda utadhani anakwenda dukani. Wapanda miamba wa Marekani ndio walioueneza mchezo huo, kule kwenye bonde la Yosemite, miaka ya 1980. Nikajiambia, kama ni miamba, sisi watu wa Mwanza tumezaliwa juu yake.

Basi Jumapili moja tukafunga mkanda kati ya mwembe na jiwe kubwa lililo ukingoni mwa ziwa. Mita 15 hivi, kimo cha kiuno. Jiwe tulilizungushia kipande cha mkanda mkuukuu, tukakipiga fundo, racheti tukaiweka upande huohuo. Tulikaza watu watatu mpaka mkanda ukalia ukiupiga kwa kidole. Tukafurahi. Kwetu mlio ule ulikuwa ndio ufundi wenyewe.

Dau lilikuwa soda. Ukigusa chini umetoka. Ukiudaka mkanda kwa mikono umetoka pia. Hili la pili lilizua ugomvi, maana binamu yangu alifika mpaka kwenye mwembe, ila katikati alikuwa ameukumbatia mkanda kama mtoto wa nyani. Alitaka soda yake. Tukamnyima. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata wenye mchezo wao huhesabu hivyo: umevuka kama umetoka mwanzo hadi mwisho bila kuanguka wala kuudaka. Kwenye sheria tulipatia. Kwenye kufunga, hatukujua lolote.

Zamu yangu nilifika hatua ya saba. Nikasikia "pa!", nikajikuta kwenye tope, na kitu kikapita karibu na sikio kikivuma. Ilikuwa racheti. Ilikwenda kutoboa dumu la njano chini ya mwembe, na maji yakaanza kumwagika taratibu. Mtoto wa mwenye dumu alikuwa amelikalia akituhesabia hatua, mpaka mama yake alipomwita akaanue dagaa.

Baba mdogo alikuja akiwa bado na mswaki mdomoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba mdogo." Hakuitikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe, akaokota kile kipande kilichokatika, akakigeuza juani. Upande mmoja nyuzi zilikuwa zimechanua kama mkonge uliopondwa; upande wa pili zilikatika sawasawa, kama kwa wembe. Akashika mkono wangu, akaupitisha kwenye ukingo wa jiwe. Chembe zake zilinikwaruza kama msasa.

"Mzigo haukati mkanda," akasema. "Kona ndiyo inayokata."

Halafu akauliza fundo nani kafunga. Kimya. Akasema fundo linakula nguvu ya mkanda, na kwamba mkanda ukikazwa mpaka ulie ndipo unapovuta zaidi. Hilo la mwisho nilidhani ni maneno ya utingo tu. Miaka kadhaa baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: mtu wa kilo 60 akisimama katikati ya mkanda wa mita 15, na mkanda ukazama nusu mita tu, kila ncha inavutwa kwa nguvu kama ya kilo 450. Sisi tulikuwa tumening'iniza ng'ombe kwenye fundo.

Dumu nililipa mimi, na wiki nzima nikamchotea yule mama maji.

Jumapili iliyofuata baba mdogo alifunga mwenyewe. Aliuvika mwembe gunia ili mkanda usile gome, jiwe akalivika mpira wa tairi, na racheti akaifunga kamba ya pili, iliyolegea, ili mkanda ukikatika isiruke. Hatukukaza mpaka ulie. Ukawa unayumba, wote tukaanguka kabla ya hatua ya kumi, binamu akiwa wa kwanza.

Yule mama naye alikuja kutazama, na dumu jipya kati ya magoti. Alikaa pembeni kabisa, akanituma kwanza nikamwonyeshe racheti iko upande gani.