Kofia Yangu na Dunia ya Vioo

Dereva aliyenichukua Tucson alikuwa Mkongo wa Uvira, na kwa kuwa tulisalimiana kwa Kiswahili nilitumaini kupata bei ya ndugu. Tulikubaliana dola 60 kwenda na kurudi. Tulipokaribia mji mdogo wa Oracle, baada ya kilomita zipatazo 50 za jangwa la Arizona, Marekani, zikawa 90. "Ndugu yangu, kule hakuna mutu wa kukurudisha," aliniambia kwa upole ulioniudhi zaidi. Nililipa, kisha nikalipa tiketi, kisha maji ya chupa kwa fedha ambayo Tanga ingenipatia chakula cha mchana pamoja na chenji.

Nilikuwa nimefuata Biosphere 2, jumba la vioo na vyuma ambamo wanaume wanne na wanawake wanne walijifungia kuanzia Septemba 26, 1991 hadi Septemba 26, 1993, wakila walichokilima na kuvuta hewa iliyotegemea mimea yao. Walioliasisi walitoka katika kundi la maigizo la John Allen, wakashirikiana na wahandisi na wanaikolojia kuunda dunia ndogo yenye msitu wa mvua, savana, bahari, na mikoko iliyoletwa kutoka Florida. Humo waliingizwa hata komba, mnyama ambaye kwetu mgema humlaani kwa kumnywea tembo lake. Wanasayansi kadhaa waliubeza mradi huo kuwa ni maigizo matupu, lakini mimi niliyekulia kando ya mikoko nilisimama pale nikanusa tope, na kwa muda nikazisahau zile dola 90.

Kilichonipata kilinipata katika "pafu". Ni chumba cha duara, kikubwa kama uwanja wa ngoma, chenye utando mweusi wa mpira ulioibeba sahani nzito ya alumini. Mchana hewa ya jumba hutanuka kwa joto na utando hupanda, usiku hushuka, ili vioo visipasuke. Bibi mstaafu aliyetuongoza alitutahadharisha tushike vitu vyetu. Nilidhani anatania. Mlango ulipofunguliwa, uzito wa sahani ulisukuma hewa nje kwa kishindo, na kofia yangu ya viua, aliyoishona mama kwa miezi mitatu, ikatoka mbele yangu kama ndege.

Nilipokuwa nikiikimbilia juani, wenzangu walikuwa wakielezwa jinsi oksijeni ilivyopungua humo kutoka asilimia 21 hadi karibu 14, ikabidi wale wanane waongezewe kutoka nje Januari 1993. Vijidudu vya udongo uliorutubishwa kupita kiasi viliimaliza oksijeni, na kabonidayoksaidi viliyoitoa, ambayo mimea ingeigeuza tena kuwa oksijeni, ikanywewa na zege la kuta. Zege ndilo nililorudi nikalipapasa kwa kiganja: la kawaida kabisa, lenye alama za mbao kama la kwetu.

Kofia aliiona dereva, imenasa kwenye mpungate. Alikaa nayo garini akichomoa miiba mmoja mmoja kwa meno na kucha, asidai kitu, na zile 30 za nyongeza hazikutajwa tena. Tukiwa njiani simu yangu ikalia. Kaka aliomba fedha za mifuko 20 ya saruji, kwa kuwa mikoko nyuma ya nyumba imekatwa yote na maji ya bamvua sasa yanafika ukutani.