Uzoefu wangu wa kuomba nafasi Mathcamp baada ya kumaliza kidato cha nne

Hapa Tanzania, anayemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba hukaa nyumbani hadi Julai, kidato cha tano kinapoanza. Miezi hiyo mimi niliitumia kuomba nafasi Mathcamp, kambi ya hisabati ya wiki tano inayofanyika kila kiangazi Marekani au Kanada, kwa vijana wa miaka 13 hadi 18 kutoka nchi yoyote. Kilichonivuta ni kwamba waombaji hawachujwi kwa alama za mitihani, bali kwa maswali magumu ambayo kila mmoja huyafanyia kazi akiwa kwao, kuanzia yanapotolewa mwanzoni mwa mwaka hadi mwezi wa Machi.

Masharti yake ni tofauti kabisa na ya chumba cha mtihani. Unaruhusiwa kusoma vitabu na kutafuta maana ya istilahi kwenye intaneti, ila huruhusiwi kuomba msaada wa mtu wala kusaka jibu la swali lenyewe. Si lazima uyamalize yote, lakini jibu tupu lisilo na maelezo halikufikishi mbali. Kwa mtu aliyelelewa na mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), ambako swali likikukataa unaliruka na kwenda mbele, kukaa na swali moja wiki nzima bila kujua kama unalikaribia kulikuwa kugumu kuliko hesabu yenyewe.

Kazi kubwa ilikuwa kuandika uthibitisho, jambo ambalo shuleni tulifanya kwa nadra, kwa hiyo nilianza kwa kujizoeza na maswali ya vitabuni. Moja lilitaka nithibitishe kwamba katika namba kamili zozote tano, hazikosekani tatu ambazo jumla yake inagawanyika kwa 3. Mazoea yangu yalinisukuma kujaribu mifano, lakini mifano hata ikifika elfu haitoshi, maana namba hazina mwisho. Nikageukia mabaki: namba yoyote ikigawanywa kwa 3 hubaki 0, 1 au 2. Kama katika zile tano mabaki yote matatu yapo, chukua namba moja ya kila baki. 0, 1 na 2 hufanya 3, basi jumla inagawanyika. Kama kuna baki lisilokuwepo, namba tano zimegawana mabaki yasiyozidi mawili, hivyo lazima baki mojawapo liwe na namba tatu au zaidi, na namba tatu zenye baki lile lile zikijumlishwa hugawanyika kwa 3. Maandishi ni machache, ila hayaachi mwanya. Nilimsomea mdogo wangu wa kidato cha pili uthibitisho huo wa mazoezi, naye akawa ananikatiza kila sentensi: “Kwa nini lazima?” Nilipofika kwenye maswali ya kambi, ambayo sikupaswa kumwonyesha mtu, nilijiuliza swali hilo hilo kila baada ya mstari. Lipo moja nililoliweza kwa namba shufwa tu. Niliandika wazi wapi nimethibitisha na wapi nakisia, nikalituma hivyo hivyo.

Barua ya mwalimu ya kunipendekeza kambini ilihitaji maelezo kidogo. Barua tulizozizoea husema mwanafunzi ni mtiifu, ana nidhamu na alikuwa kiranja, sifa njema ambazo hazimwambii msomaji wa mbali lolote kuhusu hisabati. Nilimwendea mwalimu wangu, nikamwamkia, nikampa daftari langu la mazoezi na kumwomba kwa adabu aeleze namna ninavyofikiri ninapokwama. Alicheka, akalichukua daftari, na barua aliyoandika ilizungumzia kurasa zilizofutwafutwa.

Fomu ya msaada wa ada ndiyo iliyotukalisha usiku na mama. Kambi hutoa msaada kulingana na uwezo wa familia, lakini fomu kama hizo zimetungwa kwa watu wenye hati za mshahara, na mama anauza mbogamboga gengeni. Tulijumlisha mauzo kutoka daftari lake, tukatoa gharama za mzigo na usafiri, tukaambatanisha barua fupi inayoeleza kwamba kipato hupanda na kushuka kwa msimu. Mama alitaka tuongeze kidogo tusionekane maskini mno. Nilimsihi tuandike kilichopo.

Nilikubaliwa, tena kwa msaada uliotuwezesha. Hapo likabaki suala la shule, kwa sababu kambi huangukia Julai, wakati ule ule wa kuripoti kidato cha tano. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, nilimwandikia mkuu wa shule niliyopangiwa, nikaambatanisha barua ya kambi na kuomba ruhusa ya kuchelewa. Alikubali kwa sharti kwamba baba aende mwenyewe kusaini fomu za kujiunga na kulipa michango mapema, na kwamba nikifika nifanye majaribio yote ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) yatakayokuwa yamenipita. Ombi la viza nililianza wiki hiyo hiyo.