Siku tulipovuta kamba za dhoruba

Dhoruba, iliyochorwa kwenye fremu mbili za turubai jukwaani, ilitakiwa ipasuke katikati na bahari tulivu ionekane nyuma yake. Nusu ya kulia iliteleza vizuri. Ya kushoto ilienda kiasi cha shubiri moja, ikainama, ikakwama.

Hapo ni karakana ya jukwaa ya chuo kimoja Uingereza, ambako nilikuwa miongoni mwa mafundi. Tulikuwa tunaunda upya, kwa nusu ya ukubwa, jukwaa la Salmacida Spolia, maski iliyochezwa Whitehall, jumba la kifalme London, tarehe 21 Januari 1640. Maski ilikuwa burudani ya jumba la mfalme: watu wa nasaba huingia kwa barakoa na mavazi ya fahari wakiwa miungu au mashujaa, wakicheza dansi bila kutamka neno, kwani kusema na kuimba ni kazi ya wasanii wa kulipwa. Kisha hushuka ukumbini na kuwainua watazamaji wacheze nao. Usipoacha uwazi wa kutosha kati ya jukwaa na viti, umetengeneza tamthilia, si maski. Katika hiyo ya 1640 Mfalme Charles I na Malkia Henrietta Maria walicheza wenyewe. William Davenant aliandika maneno, Inigo Jones akasanifu jukwaa.

Tulifuata mchoro wa John Webb, msaidizi wa Jones. Kila mandhari ya nyuma ni fremu mbili zenye turubai, zinazokutana katikati na kuteleza ndani ya mifereji ya mbao, chini na juu.

Fremu ya kushoto ilikwama kwa sababu mbili. Kwanza, mbao zilikuwa zimevuta unyevu, na mfereji wa chini uliizidi fremu unene kwa milimita 2 tu. Pili, na hili ndilo kubwa, kamba ilifungwa juu. Ukivuta fremu ya mita 3 kwa juu inalala mbele, na kona yake ya chini inang'ata mfereji. Tulihamishia kamba sentimita 20 kutoka sakafuni, tukapanua nafasi ifike milimita 6, tukasugua mfereji kwa sabuni kavu. Mafuta hayafai, yanashika vumbi na kugeuka gundi. Mfereji wa juu uwe mlegevu, kazi yake ni kuzuia fremu isianguke tu. Uzito wote ubebwe na wa chini.

Ufa wa katikati huzibwa kwa ubapa mwembamba, sentimita 3, uliopigiliwa kwenye fremu moja tu na kupakwa rangi kuendeleza picha. Ukiweka pande zote mbili, zinagongana.

Mistari ya picha tuliipima kwa uzi kutoka kimo cha macho ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha heshima, kinachotazama jukwaa moja kwa moja. Wa pembeni huona majengo yamepinda, na wajenzi wa zamani walilikubali hilo bila shida, kwani picha ilichorwa kwa ajili ya kiti kimoja.

Baada ya marekebisho mbao ziliteleza, ila zililia. Katika The Masque of Queens, maski nyingine ya 1609, mwandishi wake Ben Jonson alieleza kwamba mandhari ya jehanamu ilitoweka kwa mlio mmoja wa vyombo vingi. Kwa hiyo, ili kufunika mlio wa mbao, tuliwaomba wapiga tarumbeta waanze kabla ya kamba kukaza, na wasishushe sauti hadi fremu zote mbili zigonge vizuizi vya pembeni.