Mtu-mbwa wa Goma, wiki ya tatu: maharage yamenishinda

Kwa wenye hawakufuata: niko naandika hadithi ya mtu mwenye anageuka mbwa mwitu, inapita hapa hapa Goma, na nimekwama ku kitu moja tu, huu ugonjwa unaambukiza namna gani.

Jana nikachukua maharage ya mama nikaanza kuhesabu ku meza. Mmoja aking'ata wawili kila mwezi mpevu, 1 inakuwa 3, kisha 9, 27, 81, 243, hapo mama akafika akauliza ile ni ya kupika ao ya kucheza, basi nikamalizia ku telefone. Mwezi mpevu wa 12 wako 531,441. Wa 13 wanapita milioni moja na nusu. Yani mwaka tu, hakuna wa kung'ata tena, hadithi imekufa.

Nikasema sawa, wengi wanaong'atwa wanakufa palepale. Ikapunguza kidogo, lakini shida iko kwingine: mwezi mpevu unarudi kila siku 29 na nusu, iko ku kalenda! Sisi wenye tulinawa maji ya kloro wakati ya Ebola 2019, tukapimwa homa ku paji la uso kila barièri, tutamungojea inje? Usiku ile kila mtu amefunga kwake, chukudu za mbao za kubeba mizigo zimelala, mbwa mwitu anazunguka peke yake juu ya mawe ya volkano kama mjinga.

Njo yaya yangu, mukubwa wangu, anatumikaka ku hopitali, akaniambia acha mwezi kwanza, angalia kichaa cha mbwa. Virusi iko ndani ya mate, inaingia ku kidonda, halafu inatembea polepole ndani ya mishipa ya fahamu paka ku ubongo. Mara nyingi miezi 2 ao 3, wengine wiki chache, wengine wanapitisha mwaka, na kama uling'atwa karibu na kichwa inafika mbio kuliko ku mguu. Nikaruka! Mwezi mpevu unabaki, lakini ukishang'atwa haujue ni upi utakugeuza.

(Hadithi za zamani za Ulaya hata hazikuhitaji meno, ilikuwa laana ao kuvaa ngozi ya mbwa mwitu. Mi nabaki na meno.)

Sasa niko na mama muuzaji wa Birere, aling'atwa ku kisigino. Yaya alikataa niandike bila sabuni: kidonda unakiosha na maji na sabuni dakika 15 palepale, kisha chanjo. Sawa, ameandikwa, lakini mama huyu hakuosha juu angepoteza siku ya soko, akafunika na kikwembe. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya, bwana yake akaacha kumufungia mlango. Wa tatu unamukuta ndani ya boti ya usiku ya Bukavu, kati ya magunia na watu wamelala.

Kurasa 4 leo. Boti imeshatoka, kuko mawingu, na sijaamua kama mawingu inamuzuia. Maharage nimerudisha, mama anasema haijatimia.