Fedha za afya ya jamii Mombasa: wahini kabla ya Septemba 1

Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mapema mwaka 2025, miradi mingi ya VVU nchini iliyumba kwa sababu posho, nauli na vipimo vyote vilitegemea mfuko mmoja. Waliokosa huduma kwanza ni wale wasio na pa kukimbilia. Kwa hiyo mfadhili na aombwe, lakini gharama za kila mwezi zitafutiwe fedha hapa hapa, na mlango wa kwanza ni kaunti, yenye jukumu la afya ya msingi tangu ugatuzi wa 2013.

Kaunti ina kalenda yake. Makundi mengi hujitokeza Mei, bajeti ikijadiliwa, na hapo wamechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Waraka wa sera ya fedha, unaoweka kikomo cha kila idara, hufika Februari 28. Makadirio yenyewe Aprili 30. Kikomo kikishawekwa, ili mpate shilingi ni lazima mwingine apunguziwe yake.

Andikeni ombi la kurasa mbili: huduma, wadi, idadi ya watu, gharama ya mwaka. Kitengo kimoja cha afya ya jamii huhudumia watu 5,000 hivi, kikiwa na wahamasishaji 10 wa afya ya jamii. Posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila mmoja, nusu serikali kuu na nusu kaunti, ni 600,000 kwa mwaka. Ya kaunti ni 300,000. Ongezeni nauli za wagonjwa wa rufaa na stripu za mashine ya kupima sukari ya damu, ambazo husahauliwa sana, zikaisha, na mashine ikabaki mkobani. Haya yote yaombwe kama matumizi ya kawaida. Mkiyaweka kwenye maendeleo mtajengewa chumba kisicho na muuguzi.

Sheria ya mwaka 2023 inaruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na mapato yao, kwa hiyo tafuteni kiti kwenye kamati ya kituo. Kituo hulipwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, kwa mtu aliyesajiliwa. Asiye na kitambulisho, na mitaani wapo wengi, asaidiwe kukipata kwanza, na kazi hiyo nayo ipangiwe fedha.

Mombasa ina hazina nyingine ambayo naona haitumiki ipasavyo: wakfu. Mali haiuzwi, pato lake ndilo hutumika. Kodi ya chumba kimoja Majengo yaweza kulipia nauli za wagonjwa miaka na miaka. Zaka iwe na akaunti yake, maana wanaostahiki ni makundi manane yaliyotajwa katika Qur'ani: yafaa kumlipia fukara mchango wa SHA, ambao kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, wala si kodi ya ofisi.

Fedha za Hazina Kuu huchelewa, hivyo wekeni akiba ya miezi mitatu. Na ombi lenu lipelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo.