Kuyafuata Maji, kutoka Bububu hadi Cheju

Unguja haina mlima. Mtu wa Bara aliyezoea Uluguru au Usambara ukimwonyesha kilima cha Masingini atakucheka, maana juu kabisa hapazidi sana mita 120 kutoka usawa wa bahari. Lakini mgongo huo wa ardhi, ulionyooka sambamba na pwani ya magharibi, ndio unaotunywesha. Masika inaunyeshea, udongo unayafyonza maji, na huku chini yanatokea chemchem. Niliamua kuyafuata, nione yanapita kwa nani na yanamfaa nani.

Nilipanda 502, daladala ya Bububu, pale Darajani mapema, kabla jua halijapanda. Mtoni tulipita mbio, ingawa ndipo meli za karne ya 19 zilipokuwa zikijaza mapipa kabla ya kutweka kurudi Uarabuni na Bara Hindi. Wakati huo visima vya mjini vilikuwa na maji machafu, na kipindupindu kilichoingia 1858, kikarudi tena 1869, kiliua maelfu ya watu. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyavuta maji ya chemchem ya Bububu mpaka Mji Mkongwe. Hakukuwa na pampu wala umeme, maji yalishuka yenyewe kwa kuwa huku ni juu na mjini ni chini. Watu humsifu kwa jumba lake la Beit al-Ajaib. Mimi ningemsifu kwanza kwa maji.

Bububu nilimkuta kijana akifunga madumu kwenye baiskeli. Kila dumu alilitia kipande cha mfuko wa plastiki mdomoni kabla ya kukaza kifuniko, lisije likamwaga njiani, kisha akayabana yote kwa mipira iliyokatwa kwenye tairi la ndani. Anauza nyumba hadi nyumba, mitaa ambayo bomba lipo lakini maji huja yakitaka. Nikamuuliza biashara vipi. "Maji yakikatika nakula vizuri, bro," akasema, akacheka.

Kutoka hapo ni kupanda. Gari ya Kidichi ikachelewa, nikatembea. Udongo ni kinongo, mwekundu, na kila hatua harufu inabadilika: mdalasini, mchaichai, karafuu zilizoanikwa kwenye jamvi mbele ya nyumba. Mahamamu ya Kidichi, yaliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, yalikuwa na wageni tele, sikukaa. Zamani kilima chote hiki kilikuwa mikarafuu, mpaka tufani ya 1872 ilipoing'oa mingi ya Unguja, na karafuu ikahamia Pemba moja kwa moja.

Karibu na Kizimbani nilikaribishwa dafu na mzee mmoja aliyekaa kibarazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umetoka mjini? Unatafuta kiwanja?"

Nikamwambia la, naangalia maji tu. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Shamba lake ni eka tatu, zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, alipewa baba yake. Sasa eka moja imebaki na miti. Nyingine zina kuta za matofali na mabati mapya, na bati mbili tatu zinang'aa mpaka unafumba macho.

"Mdalasini nikiuza napata pesa ya samaki. Kiwanja nikiuza mjukuu anaoa. Mikarafuu naipenda mimi, yeye hali mapenzi yangu."

Sikuwa na la kumjibu, na kusema kweli sidhani kama yupo mwenye jibu la haraka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 893,169 wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi pekee, karibu nusu yetu tumebanana kwenye kilomita za mraba 230. Lazima walale mahali. Ila wanapopanda kilimani kujenga, uani panasakafiwa, shimo la choo linachimbwa, na mvua iliyokuwa ikizama taratibu inateremka barabarani mpaka baharini. Msitu wa Masingini umehifadhiwa kwa ajili hiyohiyo ya maji, lakini ukisimama ukingoni mwake unasikia mashine ya matofali.

Mwera na Dunga nilizipita kwa gari, na Dunga nikashuka kutafuta bodaboda ya Cheju. Hapo ardhi inalala. Kinongo kinaisha, kinaanza kinamo, cheusi, kizito, na mbele yako ni bonde la mpunga limenyooka mpaka macho yanachoka. Wanawake walikuwa wameinama wakipandikiza, kanga zimefungwa viunoni.

"Vua viatu mwanangu, kinamo hakina adabu," bibi mmoja akanipigia kelele. Kweli, nilikuwa nimeshaacha kandambili moja nyuma.

Wenye mashamba yanayopata maji ya mfereji hulima mara mbili kwa mwaka. Wanaotegemea mvua hulima mara moja na kuomba. Bibi yule yuko kwenye mfereji. Akanionyesha lango dogo la chuma linalofunguliwa kwa zamu, na akanieleza kwa kirefu, kwa hasira isiyopoa, habari za jirani anayelifungua usiku. Kuhusu bei hakuwa na maneno mengi. Mchele tunaokula Zanzibar mwingi hutoka ng'ambo, na hata yeye, akimaliza wake, hununua mapembe, mchele huohuo wa ng'ambo, dukani. "Huu wangu siuzi. Huu wa kula Ramadhani na wanangu."

Ukielekea mashariki kutoka bondeni, udongo unapotea ghafla na uwanda unaanza: mawe ya matumbawe, vichaka, na mihogo iliyopandwa kwenye viraka vya udongo katikati ya mawe. Mvua huko haina pa kukaa juu, inapenya na kwenda chini, na visima vya karibu na pwani vikivutwa sana huingia chumvi. Ndiko ziliko hoteli.

Jioni, pale Tunguu, nilisubiri gari ya kurudi mjini. Daladala zilikuwa chache, lakini maboza ya maji nilihesabu mpaka nikachoka, yote yakielekea mashariki, yakidondosha maji nyuma. Nikamuuliza muuza machungwa aliyekuwa karibu yangu yanakwenda wapi.

"Hotelini," akasema. "Bwawa la kuogelea."

"Si wana bahari?"

"Kawaulize wao," akasema, akanimenyea chungwa.