Siafu wa msimu wa nane

Barua ya kituo cha televisheni ilikuwa fupi: leteni kitu kipya, la sivyo msimu wa nane ndio wa mwisho. Wakati huo nilikuwa mwandishi mkuu wa miswada ya katuni ya upelelezi iliyokuwa imedumu hewani kuliko tulivyotarajia. Watoto watatu na paka wao mwoga, kila wiki zimwi jipya, na kila wiki barakoa inavuliwa na kumkuta ndani mtu yule yule aliyetupokea mwanzoni kwa tabasamu. Tuliipenda kazi ile. Ila watazamaji walikuwa wanapungua, na sisi wenyewe tulishajua kwa nini: hata mtoto mdogo alikuwa anaweza kubashiri mlango gani utafunguka.

Mkuu wetu wa uzalishaji aliiweka barua mezani, akaisawazisha kwa kiganja, akasema, "Mhusika mpya. Mdogo, jasiri, asiyeogopa kitu. Watoto watampenda."

Nilijua wazo lile limetoka wapi, maana hakuna mtu wa kazi yetu asiyejua kisa chake. Scooby-Doo, katuni ya vijana wanne wapelelezi na mbwa wao mwoga aitwaye Scooby, ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 13 Septemba 1969 kwenye kituo cha CBS, na miaka kumi baadaye, ikiwa imeshahamia kituo cha ABC, ilikuwa inachungulia kaburi. Hanna-Barbera, studio iliyoitengeneza, wakamleta Scrappy-Doo, mpwa wa Scooby, kijibwa kinachomvamia kila jitu kwa ngumi. Mark Evanier ndiye aliyeandika mswada wa kumwingiza. Kipindi kikapona.

Mkuu wetu alikumbuka kupona huko. Mimi nilikumbuka yaliyofuata. Mwaka 1980 Fred, Daphne na Velma, watatu kati ya wale vijana wanne, waliondolewa, kipindi kikagawanywa kuwa visa vifupi vya kama dakika saba, na mazimwi yakawa mazimwi ya kweli. Hakuna barakoa tena, hakuna wa kumshuku. Kipindi kilibaki hai, lakini upelelezi ulitoka ndani yake. Nasema hivyo bila kumdharau Scrappy. Wapo waliokua naye na wanampenda mpaka leo, na sioni kosa lao.

Sikubisha. Kulikuwa na watu zaidi ya ishirini ambao mkate wao ulitoka kwenye kipindi kile, wengine wakiwa wameanza na sisi tangu msimu wa kwanza. Nikaenda kuandika.

Nilimwita Siafu. Mtoto wa miaka sita, binamu wa mmoja wa wale watatu, kofia kubwa kuliko kichwa, na akiona zimwi hakimbii, analikimbilia. Siafu ni mdogo lakini aking'ata utaruka, nikaona jina limekaa sawa. Shida ilianza kwenye ukurasa wa tano. Siafu alikuwa ameshalifikia zimwi la makumbusho na kulishika mguu. Hadithi ilitakiwa iendelee kwa dakika kumi na saba zaidi! Nikamfanya kaka mkubwa amkamate ukosi na kumburuta. Ukurasa wa nane, tena. Nilipomaliza nilihesabu: Siafu alikuwa ameshikwa ukosi mara kumi na moja katika kisa kimoja.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimelifanya kwa misimu saba bila kulijua. Paka wetu akiogopa, hukimbia. Akikimbia, hukosea mlango. Akikosea mlango, huangukia ghala, na ndani ya ghala kuna kopo la rangi ile ile inayong'aa kwenye uso wa zimwi. Woga wa paka ndio uliokuwa unatutafutia ushahidi. Nikamweka jasiri mbele yake, naye paka akakosa kazi. Kila mara zimwi lilipotokea, macho yote yalikuwa kwa Siafu, na ghala likabaki limefungwa.

Niliyajua haya na bado nikapeleka mswada, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Hilo linaniuma hadi sasa.

Kabla ya kuanza uchoraji kamili tulikuwa na desturi ya kuwaonyesha watoto michoro ya penseli ikiwa na sauti tu juu yake. Siku ile walikuja kumi na wanne. Siafu alipotokea walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mkuu wetu akanibana bega kwa furaha. Kisha, kama kawaida, tukasimamisha picha kabla ya barakoa kuvuliwa, tukauliza, "Nani yumo humo ndani?"

Misimu yote iliyopita swali hilo lilizua kelele za kuziba masikio. Walikuwa wanagombana, wanatajiana kitambi cha mlinzi na viatu vya mwenye duka. Siku ile palikuwa kimya. Msichana mmoja akasema, "Siafu atampiga tu." Mvulana wa mbele, mwenye pengo la meno mawili, akageuka akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani kulikuwa na watu wengine?"

Jioni nilibaki na mchoraji wetu mkuu, dada aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Sikuwa na la kusema. Yeye akavuta karatasi akawa anachora huku ananisimulia jinsi mchoraji Iwao Takamoto alivyompata Scooby: alimuuliza mwenzake aliyefuga mbwa wa aina ya Great Dane ni sifa gani zinazowapa ushindi kwenye mashindano, kisha akaenda kuchora kinyume chake. Mgongo ulionyooka akaupinda, miguu iliyonyooka akaitia matege, kidevu akakiongeza.

"Basi mdogo wangu," akasema, "sisi tumeletewa jasiri. Kinyume chake si mwoga, mwoga tunaye."

"Ni nini sasa?"

Alikuwa anachora kofia ile ile, uso ule ule, ila chini yake koti lenye mifuko. Mfuko juu ya mfuko, mwingine umetuna, mwingine uzi wake umefumuka. "Siafu kazi yao ni kung'ata tu?"

Nikakaa kimya kidogo. "Hubeba," nikasema.

"Haya, abebe."

Tuliandika mpaka usiku wa manane. Siafu mpya hakuwa jasiri wala mwoga. Alikuwa mtoto anayeokota vitu. Wenzake wakikimbia zimwi, yeye ameinama. Dakika ya nne anaokota kifungo cha kijani chenye uzi mweusi uliokatika, anakipuliza vumbi, anakitia mfuko wa kushoto. Hasemi neno. Wakubwa hawamwoni, ila mtazamaji anaona. Dakika ya tisa mtunza funguo wa makumbusho anapita, koti lake la kijani limefungwa vizuri, isipokuwa katikati. Paka akarudishiwa mlango wake na ghala lake.

Mkuu wetu hakufurahi, na alikuwa na sababu. Sauti ilibidi irekodiwe upya, na siku zilizobaki zilikuwa za kuhesabu. Mwigizaji wetu wa sauti alikuwa amempa Siafu wa kwanza mkoromo wa kivita aliokuwa anajivunia. Nilimwomba aache yote na atafute sauti ya mtoto anayejiongelesha akidhani yuko peke yake. Alijaribu mara nyingi. Mwishowe akavua viatu, akachuchumaa sakafuni, tukamshushia maikrofoni, akatoa kile kiwimbo cha puani, hakina maneno, kinakatika anapoona kitu na kuendelea anapokitia mfukoni. Fundi mitambo alitutazama kupitia kioo akainua kidole gumba.

Tuliwaita watoto wale wale. Siafu alipotokea hawakucheka sana, na nikaona mkuu wetu akiandika kitu kwenye daftari lake. Nikajua anaandika nini. Kifungo kikaokotwa. Mtunza funguo akapita. Baadhi yao wakaanza kunong'onezana.

Tulipofika kwenye barakoa hatukuwahi kuuliza swali. Walikuwa wamesimama wote, wanawapigia kelele wale wakubwa watatu kwenye picha waliokuwa wanamfunga kamba mlinzi asiye na hatia. "Mfukoni! Mwangalieni mfukoni!" Yule wa mapengo alikuwa amepanda juu ya kiti, analia karibu, ananyoosha kidole kwenye mfuko wa kushoto wa koti la penseli, anarudia, "Anacho yeye! Anacho yeye, hawamuulizi!"